Historia ya Alama Lengwa katika Udahili wa Vyuo vya Marekani

Katika udahili wa vyuo vya Marekani, alama lengwa ni ile namba ambayo mwombaji hujiwekea kabla ya kuufanya mtihani wa SAT au ule wa ACT, baada ya kuangalia wanafunzi waliokubaliwa mwaka uliotangulia na chuo anachokitaka walipata kati ya ngapi na ngapi, kisha akaamua kwamba hatapumzika mpaka aifikie namba fulani iliyo ndani ya mipaka hiyo au juu yake. Desturi hii imezoeleka kiasi cha kudhaniwa kuwa ilizaliwa pamoja na mitihani yenyewe, ilhali umri wake ni miongo sita au saba tu. Mtu hawezi kulenga shabaha inayohamahama, wala hawezi kuurekebisha mkono wake ikiwa haruhusiwi kuona mshale ulipotua, wala hajui alenge wapi ikiwa hakuna aliyemwambia waliofaulu kabla yake walipiga wapi. Masharti hayo yalitimia kwa zamu katikati ya karne ya 20, na jambo la kuzingatiwa ni kwamba hakuna hata moja lililowekwa kwa nia ya kumsaidia mwombaji kujipangia lengo. Yote yaliwekwa kwa haja za vyuo na za watunga mitihani, naye mwombaji akayakuta njiani akayageuza kuwa yake.

Kabla ya mwaka 1900 kila chuo kikongwe cha pwani ya mashariki kilitunga mtihani wake, kikachagua chenyewe vitabu vya Kilatini na Kigiriki ambavyo mtahiniwa alipaswa kuvijua, hata shule iliyokuwa na vijana wanaoelekea Harvard, Yale na Princeton ikalazimika kuwafundisha kwa mafungu. Magharibi zaidi mambo yalikwenda kwa njia nyingine: Chuo Kikuu cha Michigan kilianza mwaka 1871 kuzikagua shule za sekondari, na shule iliyoridhisha wakaguzi ilipewa haki ya kuwapeleka wahitimu wake kwa cheti tu, bila mtihani wowote. Katika utaratibu huo kilichopimwa kilikuwa shule, na mwanafunzi hakuwa na namba ya kuikimbilia.

Bodi ya Mitihani ya Kuingia Vyuoni, iliyoundwa mwaka 1900 kwa msukumo wa watu kama Nicholas Murray Butler wa Columbia na Charles Eliot wa Harvard, ilikusudia kuondoa fujo hiyo kwa kutunga mtihani mmoja kwa kila somo. Mwezi Juni 1901 watahiniwa 973 waliufanya kwa mara ya kwanza, karatasi zao zikasahihishwa na walimu waliokusanywa pamoja Columbia. Matokeo yaligawanywa katika madaraja matano: bora sana kuanzia 90, nzuri kuanzia 75, ya mashaka kuanzia 60, dhaifu kuanzia 40, na dhaifu sana chini ya hapo. Bodi haikusema nani kafaulu, kwa kuwa kila chuo kiliachiwa kuamua kitamfanyia nini kijana mwenye daraja la mashaka, na vyuo vingi vilimpokea hata aliyeanguka katika somo moja au mawili, vikimwandika kuwa ameingia kwa masharti ya kulifidia pengo lake baadaye. Nafasi zilikuwa nyingi kuliko waombaji wenye uwezo wa kulipa ada. Aliyekuwa na ada na Kilatini cha kutosha hakuhitaji kumshinda mwenzake, na pasipo kushindana hakuna sababu ya kutafuta alama iliyo juu ya ile ya kupitia.

Ushindani ulikuja baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na haukuja kwa sura nzuri. Vyuo kadhaa vya mashariki vilianza kuweka kikomo cha idadi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na pamoja na kikomo hicho vikaingiza fomu za kuuliza ukoo, dini na tabia ya mwombaji, shabaha kubwa ikiwa kuwapunguza vijana wa Kiyahudi ambao walikuwa wakifaulu mitihani ya masomo kwa wingi. Ikumbukwe basi kwamba udahili wa kuchagua, ambao ndio mama wa alama lengwa, ulianza kwa kuikataa kauli ya alama kila ilipoleta watu wasiotakiwa.

Wakati huohuo mwanasaikolojia wa Princeton, Carl Brigham, aliyekuwa ameshiriki katika kuwapima askari wa Marekani kwa mitihani ya akili wakati wa vita, alipewa na Bodi kazi ya kutunga mtihani usiotegemea somo lolote. Brigham huyo alichapisha mwaka 1923 kitabu kilichodai kuwa jamii za watu hutofautiana kwa akili ya kuzaliwa, dai alilolikana mwenyewe kwa maandishi mwaka 1930. Mtihani wake, ambao herufi zake SAT zilisimamia maneno yenye maana ya mtihani wa uwezo wa kielimu, ulifanywa tarehe 23 Juni 1926 na watahiniwa wapatao 8,000, waliopewa maswali 315 ya kujibiwa kwa dakika 97, mwendo ambao hata mtu mzima mwenye kalamu nyepesi angetoka nao jasho. Alama zilipangwa katika kipimo kinachoanzia 200 na kuishia 800, mtahiniwa wa katikati akiwekwa kwenye 500. Kwa kuwa namba hizo hazikufanana na asilimia, hapakuwa na 50 wala 60 ya kupasi. Alama ilieleza tu mtahiniwa alisimama wapi katika safu ya wenzake.

Hapo ndipo ilipokuwa kasoro kwa yeyote ambaye angetaka kulenga. Katika miaka ya mwanzo 500 ilikuwa wastani wa kundi la mwaka huohuo, kwa hiyo kundi lenye nguvu likija, kijana wa uwezo uleule alishuka, na kundi dhaifu likija, alipanda bila kuongeza maarifa. Alama ya mwaka mmoja haikuweza kulinganishwa na ya mwaka mwingine, na aliyeambiwa kwamba kaka yake alipata 600 hakuwa ameambiwa kitu cha kumfaa.

Dawa ilipatikana kwa sababu ya Harvard. James Bryant Conant, aliyeushika urais wa chuo hicho mwaka 1933, alitaka kuwapata vijana wenye vipaji kutoka majimbo ya kati ambako mitihani ya Kilatini ya Bodi haikufika, akamwagiza msaidizi wake Henry Chauncey atafute kipimo cha kuwachagulia ufadhili, naye Chauncey akarudi na mtihani wa Brigham. Ufadhili ulipoanza kutolewa kwa kipimo hicho, na baadaye Vita vya Pili vya Dunia vilipovunja utaratibu wa zamani wa mitihani ya insha mwaka 1942, SAT ukabaki kuwa mlango mkuu. Vyuo vilivyoutumia vilihitaji alama zinazolinganishika mwaka hadi mwaka, nao wataalamu wakawapa: kundi la watahiniwa zaidi ya 10,000 la Aprili 1941 lilifanywa kuwa jiwe la mizani, na kila mtihani uliofuata ukaunganishwa na wa nyuma yake kwa maswali yaliyorudiwa, ili 500 ya mwaka wowote iwe na uzito wa 500 ya 1941. Shabaha ikasimama. Ilisimama, hata hivyo, mbele ya watu wa aina moja, kwa maana wengi wa kundi lile walikuwa wavulana Wazungu wa kaskazini mashariki, na sehemu kubwa yao walitoka shule za kulipia. Kwa zaidi ya miaka 50 binti wa Texas au mtoto wa mhamiaji wa California alipimwa kwa rula iliyochongwa kwa kipimo cha vijana hao.

Hata baada ya shabaha kusimama, mlengaji alibaki amefungwa macho. Shirika la ETS, lililoundwa Desemba 1947 chini ya Chauncey ili kuendesha mtihani huo na mingine, lilipeleka matokeo kwa vyuo na kwa shule, si kwa mtahiniwa. Mwanafunzi aliufanya mtihani, akasubiri, akapokea barua ya chuo ya kukubaliwa au kukataliwa, na namba iliyochangia uamuzi huo akaisikia tu ikiwa mwalimu wake aliona vyema kumdokezea. Alama ilihesabiwa kuwa siri ya kitaalamu, mfano wa maelezo ya daktari kwa daktari mwenzake, kitu ambacho kikianguka mikononi mwa mgonjwa kitamtia hofu au majivuno bure. Ni mwaka 1958 tu ndipo Bodi ilipokubali kwamba wanafunzi wenyewe waonyeshwe alama zao. Katika vitabu vingi vya historia ya mtihani huu uamuzi huo hutajwa kwa mstari mmoja, nao unastahili zaidi, kwa kuwa tangu siku hiyo alama iliacha kuwa taarifa kuhusu mtu ikawa mali ya mtu: angeweza kuilinganisha na ya jirani, kuificha, kujivunia, na hasa kurudi kuifanyia kazi.

Sharti la mwisho lilikuwa kujua waliokubaliwa walipata ngapi. Vyuo vilianza kuyatoa hayo mwanzoni mwa miaka ya 1960, kupitia majedwali ya sifa za wanafunzi wa mwaka wa kwanza yaliyokusanywa kwa ajili ya washauri wa shule, watu ambao kazi yao ni kumwelekeza mwanafunzi aombe wapi. Kusudi lilikuwa kuwazuia wasio na tumaini wasivilemee vyuo vikubwa kwa maombi, lakini jedwali linalosema usijaribu husema pia jaribu ukifika hapa, na wazazi walilisoma kwa upande wa pili.

Mifano iliyo wazi kuliko yote haikutoka katika vyuo hivyo vya kifahari. Chuo Kikuu cha California, ambacho tangu mpango mkuu wa jimbo wa 1960 kiliahidi nafasi kwa sehemu ya nane ya juu ya wahitimu wa sekondari, kilianza kudai alama za SAT kwa waombaji wote mwaka 1968, na kufikia mwaka 1979 kilikuwa na jedwali la kustahili lililooanisha wastani wa masomo ya shule na alama ya mtihani. Mwenye wastani wa 3.3 katika kipimo cha 4 alistahili bila kujali mtihani. Aliyekuwa chini kidogo alitazama mstari wake na kuona alama anayodaiwa, na kila alivyoshuka katika masomo ndivyo deni la mtihani lilivyopanda. Hapa alama lengwa haikuwa ndoto ya mwombaji bali mkataba wa jimbo. Mkataba wa namna hiyo, ila mkali zaidi, uliwafikia wanamichezo: chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kilipitisha Januari 1983 kanuni iliyoanza kutumika 1986, iliyomtaka mchezaji wa mwaka wa kwanza awe na SAT isiyopungua 700 kwa jumla, au ACT isiyopungua 15, pamoja na wastani wa 2.0 katika masomo 11 ya msingi. Viongozi wa vyuo vya Wamarekani weusi waliipinga tangu mwanzo, wakisema mstari huo umechorwa mahali ambapo ungewakata vijana wao kuliko wengine, na mabishano yakaendelea mahakamani na vikaoni mpaka Januari 2023, chama kilipoliondoa sharti la mtihani.

Mtihani wa ACT uliotajwa hapo ulianzishwa na E. F. Lindquist wa Chuo Kikuu cha Iowa, ukafanywa kwanza tarehe 7 Novemba 1959, na kipimo chake huishia 36. Vyuo vya majimbo ya kati viliupenda kwa kuwa ulipima yaliyofundishwa shuleni. Kwa historia ya alama lengwa mchango wake mkubwa ni kumpa mwombaji shabaha mbili za kuchagua, na majedwali ya kubadilisha alama ya mtihani mmoja kuwa ya mwingine.

Mwenye shabaha hutafuta wa kumfundisha kulenga. Stanley Kaplan alianza kufundisha tuisheni mwaka 1938 katika nyumba ya wazazi wake huko Brooklyn, na kuanzia mwaka 1946 akawa anawaandaa wanafunzi kwa ajili ya SAT, wengi wao watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi ambao hawakuwa na jina la ukoo la kuwafungulia milango. Msimamo wa Bodi ulikuwa kwamba uwezo wa kielimu haufundishiki kwa majuma machache, na kwamba fedha za tuisheni ni fedha za kutupa. Lau msimamo huo ungekuwa kweli kabisa, alama lengwa ingekuwa upuuzi sawa na mtu kujiwekea urefu lengwa. Mwaka 1979 tume ya biashara ya serikali kuu, baada ya kuchunguza matangazo ya shule za tuisheni, ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba baadhi ya wanafunzi waliopata mafunzo walipanda kwa kadiri ya alama 25 katika kila sehemu. Ongezeko hilo ni dogo ukilitazama kwa utulivu, lakini lilitosha kumpa Kaplan ushindi. Mwaka huohuo jimbo la New York lilipitisha sheria ya kuwalazimisha watunga mitihani kutoa maswali na majibu baada ya mtihani, na mwaka 1981 John Katzman akaanzisha mjini New York kampuni ya Princeton Review, isiyo na uhusiano na chuo cha Princeton, iliyouza bila haya kile ambacho Bodi ilisema hakipo: njia ya kupandisha namba.

Kilichoigeuza desturi hii kuwa homa ya taifa ni jarida la U.S. News & World Report, lililochapisha orodha yake ya kwanza ya vyuo bora mwaka 1983, ikiwa imetegemea maoni ya marais wa vyuo, na kabla ya muongo huo kwisha likawa linaingiza takwimu, zikiwemo alama za wanafunzi wapya. Namna ya kuzieleza ikazoeleka kuwa ya namba mbili, kwa mfano 1200 na 1400. Namba ya chini ni ile ambayo robo ya wanafunzi wapya wako chini yake, na ya juu ni ile ambayo robo wako juu yake, nusu nzima wakiwa katikati. Kutoka hapo ukazuka ushauri unaorudiwa na washauri hadi leo, kwamba mwombaji asiye na jambo jingine la kumpambanua alenge namba ya juu. Ushauri huo una akili, kwa kuwa katika robo ya chini huwamo wanamichezo, watoto wa wahitimu wa zamani na wengine waliotakiwa kwa sababu mahususi, lakini una tabia ya kujila mkia: kila mtu akilenga robo ya juu ya jana, mipaka ya kesho hupanda, na wadogo zake hukuta shabaha imesogezwa. Vyuo navyo, vikijua vinapangwa kwa namba hizo, vilianza kuzilinda, na mwaka 2012 chuo kimoja cha California kilikiri hadharani kwamba kilikuwa kikizipandisha kwa miaka kadhaa katika taarifa zake.

Orodha hizo zilipoanza kutoka, jiwe la mizani la 1941 lilikuwa tayari limechakaa. Kadiri watoto wa tabaka zote walivyoingia kwenye chumba cha mtihani, na kwa sababu nyingine ambazo jopo maalumu lilizijadili mwaka 1977, wastani wa sehemu ya lugha ulishuka kutoka 478 mwaka 1963 hadi 424 mwaka 1980, na wa hisabati kutoka 502 hadi 466. Mwaka 1995 Bodi iliupanga upya upimaji ili katikati irudi 500. Aliyestahili 500 ya lugha kwa rula ya zamani sasa alipata 580, na 730 ya zamani ikawa 800 kamili. Wazazi waliokuwa wakiwahadithia watoto wao alama zao za ujana walijikuta wanazungumza kwa sarafu iliyokwisha kubadilishwa. Mwaka 2005 iliongezwa sehemu ya uandishi, jumla ikawa 2400, na mwaka 2016 ikarudishwa 1600, pamoja na kuondolewa adhabu ya kukatwa robo alama kwa jibu lisilo sahihi.

Katika mabadiliko hayo yote jambo moja halikupewa nafasi katika mazungumzo ya nyumbani, nalo ni kosa la upimaji, yaani kiasi ambacho alama ya mtu huyohuyo ingeweza kupanda au kushuka akiurudia mtihani bila kujifunza wala kusahau chochote. Kwa kila sehemu ya SAT kiasi hicho ni kama alama 30. Aliyelenga 700 akapata 680 hajakosa shabaha kwa maana yoyote ambayo watunga mtihani wenyewe wangeitetea; amepiga eneo lilelile. Hata hivyo ni tofauti ya namna hii ndiyo iliyowarudisha maelfu katika chumba cha mtihani kwa mara ya pili na ya tatu, wakisaidiwa na utaratibu wa vyuo vingi kuchukua matokeo bora ya kila sehemu kutoka siku mbalimbali na kuyajumlisha kana kwamba yalipatikana siku moja.

Kwa waombaji wa Afrika Mashariki hesabu hizi zilikuja na ugeni wake. Mwanafunzi wa Tanzania hulelewa katika utaratibu ambao pointi chache ndizo zenye heshima, kidato cha nne daraja la kwanza likianzia pointi 7 na kuishia 17, hivyo kuambiwa akimbilie namba kubwa ni kugeuza mwelekeo wa kichwa. Namba aliyoifahamu kwanza mwombaji wa huku mara nyingi haikuwa ya SAT bali ya TOEFL, mtihani wa Kiingereza ulioanza mwaka 1964, ambao vyuo vingi viliuwekea mstari wa 550 katika karatasi na baadaye 79 au 80 katika ule wa mtandaoni. Huo ulikuwa mstari wa kuvuka, na aliyeuvuka kwa alama moja alitosha sawa na aliyeuvuka kwa 50.

Chuo cha Bowdoin huko Maine kiliufanya mtihani kuwa hiari tangu mwaka 1969, na vingine vichache vikafuata polepole, lakini ni janga la korona la 2020, lililofunga vituo vya mitihani, lililovifanya vyuo vingi mno kufanya hivyo kwa mwaka mmoja. Chuo Kikuu cha California kiliacha kabisa kuzitazama alama hizo. Penye hiari, wenye alama za juu walizipeleka na wenye za chini wakazikalia, kwa hiyo mipaka iliyochapishwa ikapanda bila wanafunzi kuwa hodari zaidi, na alama lengwa ikapata kazi mpya ya kuamua si nani aombe, bali nani aonyeshe alichopata.

Taasisi ya MIT iliurudisha mtihani kuwa sharti mwaka 2022, na Februari 2024 chuo cha Dartmouth huko New Hampshire kikafanya vilevile, watafiti wake wakiwa wamegundua kwamba baadhi ya waombaji kutoka familia zenye kipato kidogo walikuwa wamezificha alama ambazo zingewasaidia kukubaliwa. Walikuwa wamefanya kama desturi ilivyowaelekeza: walitazama mipaka iliyochapishwa, wakaona 1400 yao iko chini yake, wakaiacha nje ya maombi. Maofisa wa udahili, ambao huisoma alama kando ya wastani wa shule aliyotoka mwombaji, na ambao wangeiona 1400 hiyo kuwa ya ajabu ikitoka katika shule ambayo wengi wako karibu na 1000, walifungua faili zao na wasiikute.